Saruji Kwenye Nyonga ya Mama

Mama alivunjika nyonga juu ya mwamba. Kwetu Mungaa miamba iko kila mahali, na ule ulio nyuma ya nyumba yetu ndio aliokuwa akianikia mtama. Asubuhi hiyo mwamba ulikuwa bado na umande. Aliteleza na ungo mkononi, na majirani walipofika walimkuta amekaa upande, mguu umegeukia nje, anawafukuza kuku waliokuwa wanadonoa mtama uliomwagika.

Madaktari wa mifupa walimwekea nyonga bandia. Akapona, akatembea, akarudi kupalilia alizeti zake kama mtu ambaye hajawahi kulala wodini. Wanawake wenzake wakija kumsalimia aliwashika mikono na kuibandika kwenye paja lake. "Gusa hapo," aliwaambia. "Ndani kuna chuma." Sijawahi kumwona akijivunia kitu kama alivyojivunia nyonga ile.

Miaka ilipita. Kiangazi kimoja akaja kututembelea Mwankoko, tunakoishi mimi na mke wangu na watoto, na harufu ndiyo iliyotuambia. Alikuwa anajifunga khanga juu ya khanga na kukaa karibu na mlango, mahali penye upepo. Mke wangu alipofua mashuka akaona madoa ya manjano. Alimbembeleza mpaka akakubali kujifunua kwake. Kovu la upasuaji lilikuwa limefunguka tundu dogo, na tundu lile lilikuwa linatoa usaha. Yeye alikuwa anapaka asali na kufunga kitambaa, tangu mavuno.

"Kwa nini hukusema, mama?" nilimuuliza.

"Ningesemaje, baba? Nina mtoto mmoja tu, naye wa kiume. Nikufunulie paja?"

Nilimpeleka Dodoma, kwa daktari bingwa mwenye mvi nyingi aliyemwamkia shikamoo kabla hajaketi. Alizitazama picha za eksirei kwa muda mrefu, kisha akavuta kiti karibu naye.

"Mama, vijidudu vimeng'ang'ania kwenye kile chuma," alisema. "Dawa ya kunywa haivifikii, na tukiosha tu vitarudi. Inabidi tutoe kiungo chote, tusafishe mfupa, halafu tuweke saruji iliyochanganywa na dawa ishike nafasi yake. Vipimo vikionyesha pamekuwa safi, ndipo tutaweka nyonga mpya."

"Saruji? Kama ya nyumba?"

"Inafanana nayo, mama. Ila hii ni ya mifupa."

"Kwa hiyo mtanifungua mara mbili."

"Mara mbili. Kama hakuna kitakachoharibika."

Aliyekuja kumuuguza ni mama mkubwa, dada yake wa pekee. Aliwaacha mbuzi wake Mungaa kwa jirani, akaja na kapu la nguo na kutandika mkeka chini ya kitanda cha wodi. Ndiye aliyemwogesha, ndiye aliyemgeuza, ndiye aliyebeba beseni. Walikuwa wanagombana kwa Kinyaturu kutwa nzima, kuhusu uji, kuhusu mto, kuhusu ng'ombe aliyekufa kwa baba yao wakiwa wasichana, na mgonjwa wa kitanda cha pili alidhani wanachukiana. Mimi nilisimama mlangoni na chupa ya chai, nikisubiri kuruhusiwa kuingia.

Tuliporudi Mwankoko mama alikuwa anatembelea magongo, na saruji ile ndani. Alikatazwa kuinama, kuchuchumaa na kukaa chini. Mama mkubwa akakaa nasi, akifunga kidonda kila asubuhi, mpaka mvua za kwanza zilipomwita shambani. "Napanda tu, narudi," alisema. "Hiyo nyonga mpya hawaiweki mimi sipo."

Hakurudi. Siku moja alitoka shamba mchana, akajilaza kidogo asubiri jua lipungue, na hakuamka. Nilipokea simu nikiwa kazini. Nilirudi nyumbani nikamkuta mama barazani anachagua mchele, nikapiga magoti mbele yake, na kabla sijasema neno akaliweka sinia pembeni.

"Ni dada," alisema.

"Ndiyo, mama."

Aliyavuta magongo karibu. Kisha akauliza, "Nani atamwosha?"

Tulimpeleka mama Mungaa kwa gari la kukodi, amelala juu ya godoro kiti cha nyuma. Kila gari liliporuka kwenye mashimo aliuma ukingo wa khanga. Pale msibani wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka kulizunguka jeneza, na mke wangu akamwekea mama kiti cha plastiki.

"Nishusheni chini," mama alisema.

"Mama, daktari amekataza."

"Daktari hamjui dada yangu."

Mke wangu alianza kulia, akakataa. Basi mama akakaa juu ya kile kiti, peke yake, mguu ameunyoosha mbele, wenzake wote wako chini ya magoti yake. Alijifunika uso kwa khanga. Baadaye aliniambia kuwa lililomuumiza siku ile si mguu, ni kule kuketi juu kuliko marehemu kama mgeni wa heshima.

Kaburi lilikuwa kwenye mteremko wa mawe ambao magongo hayakuuweza. Watu walipoondoka na jeneza nilibaki naye uani. Tulisikia wimbo unakwenda mbali.

"Amenifuta usaha," alisema. "Mimi hata udongo siwezi kumtupia."

Nilikimbia kaburini, nikachota udongo kwa mikono miwili, nikamletea. Aliushika, akaubonyabonya kama anayetafuta mawe ndani yake, akasema maneno kwa Kinyaturu ambayo sitayaandika. Kisha akaumimina kwenye viganja vyangu, nikaupeleka wakati wanaume wanamalizia kufukia.

Muda mfupi baadaye kidonda kilichokuwa kimefunga kilifunguka tena. Dodoma walivuta majimaji kwa sindano, na majibu ya maabara yakaonyesha vijidudu bado vimo. Daktari alisema njia ni mbili. Kumfungua, kusafisha, kuweka saruji nyingine na kuanza upya kusubiri. Au kutoa kila kitu na kuacha mguu bila kiungo. Mguu utakuwa mfupi, na magongo yatakuwa ya maisha, lakini usaha huenda ukakauka.

"Hiyo ya pili, unanifungua mara ngapi?" mama aliuliza.

"Mara moja, tukijaliwa."

"Basi toa."

"Mama," nilisema, "tujaribu tena. Utatembea vizuri."

"Wewe unataka nitembee. Mimi nataka nisinuke." Alinigeukia. "Aliyekuwa ananivumilia ameshakwenda, baba. Mkeo ana watoto wadogo. Nimechoka kufunguliwa."

Daktari alimsogezea fomu ya upasuaji, naye akaweka saini.

Usaha ulikauka. Kidonda kilifunga na hakijafunguka hadi leo. Fundi viatu wa mjini alimwongezea soli nene kwenye kiatu kimoja, lakini hata hivyo anatembea akiyumba, na kutoka chumbani kwake hadi barazani anapumzika njiani. Watu wanamwambia amshukuru Mungu. Anawajibu kwamba anamshukuru.

Kurudi kuishi Mungaa hawezi. Choo cha kule ni cha kuchuchumaa, maji yako mbali, na hakuna wa kukaa naye usiku. Mwaka huu alinituma nikaezue nyumba yake kabla bati hazijaibwa. Sikutaka, akanituma tena. Nilizileta Mwankoko kwa lori la Fuso, tukazipanga kando ya ukuta wa jiko, naye akatoka na magongo kuziangalia. Aligusa moja iliyoingia kutu.

"Wekeni mawe juu yake," alisema. "Huku kuna upepo." Halafu akaomba ashikwe mkono arudi ndani.