Simu Isiyolia

Kila asubuhi, kabla hata ya salamu, mjaribu huiweka simu yake shavuni kama mama anayepima homa ya mtoto. Kazi yake ni kutumia matoleo ya majaribio ya programu za simu kabla hayajawafikia watu, na msichana wa meza ya pili, mwenye haya nyingi na maneno machache, amezoea kumwona hatulii: anafungua kamera, anaifunga, anatikisa mguu, anaisemesha simu yenyewe: "Mbona mzito leo, baba? Hukulala?" Wenzake humtania kwamba simu ikipiga chafya, yeye ndiye hushikwa na mafua.

Wiki hii roho iko juu juu zaidi, maana mkewe yuko wodi ya wazazi, na toleo jipya la programu ya kupokea simu ameliweka kwenye simu yake mwenyewe, ile ile anayoingoja ilie. Leo mchana, ikiwa kimya mezani, ghafla ikamwaga taarifa za simu zote alizopigiwa na dada yake tangu asubuhi. Haikuwa imelia hata mara moja. Akampigia dada yake.

"Kaka, umepotelea wapi? Mtoto keshafika, mama yake anakuulizia!"

Akacheka, akafuta macho, akairipoti kasoro ile huku mkono mmoja ukiwa tayari ndani ya koti.

Msichana akajikaza kuuliza. "Kaka, si ungelijaribu kwenye simu ya ofisi?"

"Ile haipigiwi na mtu, dada. Ningejuaje kwamba hailii?"