Gitaa la Pikapu Mbili

Sauti ndiyo iliyotangulia siku ile, mwanangu, na hadi leo nikiikumbuka naanza kuisikia kabla sijaiona. Ukungu wa Uyole ulikuwa umeshuka mpaka kwenye madirisha ya kanisa, nami nilikuwa napanda kwenda mazoezi ya kwaya, gitaa langu nimelifunga ndani ya khanga. Mlango siuoni, ukuta siuoni. Ndipo nikasikia gitaa jingine likipigwa mle ndani, sauti nyembamba, safi, kama kijiko kinachogonga glasi yenye maji. Nikasimama palepale. Nilijua kuwa si langu, na nilijua kuwa ninalitaka.

Nakueleza haya kwa sababu umeniletea gitaa lako hapa Mafinga ukiwa njiani kwenda Iringa, gitaa la pikapu mbili, na umechora kwa penseli mahali unapotaka nitoboe ili niweke ya tatu. Sijakataa. Mimi ni fundi, na kutoboa ni kazi yangu. Ila kaa kwanza, chai haijapoa.

Mle kanisani nilimkuta Lugano, mpiga solo wetu. Kaka yake alikuwa ametoka machimboni Makongolosi na kumletea gitaa jipya, jekundu, lenye pikapu tatu. Pikapu unazijua, lakini niseme tena, maana kitu tunachokijua hatukisikilizi. Ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba kama unywele. Hukaa chini ya nyuzi na kusikia zinavyotikisika. Iliyo karibu na daraja, pale nyuzi zinapoishia, husikia ukali, iliyo karibu na shingo husikia utamu mzito, na ile ya katikati, kwa wenye tatu, husikia kidogo huku na kidogo huku.

"Sekela," Lugano akaniambia, "hilo lako lina sauti ngapi?"

"Tatu," nikajibu, kwa kuhesabu hatua za swichi tu.

"Langu tano. Sikiliza." Akasogeza swichi hatua kwa hatua, huku akitabasamu kama mtu aliyeweka jino la dhahabu jana.

"Sauti tano, na wimbo unaoujua mmoja," nikamjibu. Waimbaji wa besi wakacheka. Mimi sikucheka.

Maana tulipoanza kupiga pamoja, hayakusikika magitaa mawili. Ilisikika fujo. Nilikuwa na mazoea ya kuiacha swichi yangu kwenye pikapu ya daraja, kwa kuwa hapo gitaa lilipenya juu ya waimbaji wote, na Lugano naye, licha ya sauti zake zote tano, alikuwa palepale. Tulikuwa kama watu wawili wanaogombania kupita mlango mmoja. Mwalimu wa kwaya alituvumilia kwa nyimbo kadhaa, kisha akasema kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniuma:

"Sekela, kwa safari yetu ya kwenda kuimba Iringa nadhani gitaa moja linatosha. Tutasikilizana Jumamosi."

Nilielewa. Nilikuwa msichana pekee mwenye gitaa katika kwaya ile. Nikiachwa safari hiyo, ningerudishwa kwenye mstari wa waimbaji, na hakuna ambaye angeuliza kwa nini.

Nikaenda moja kwa moja kwa mjomba Ambakisye. Ndiye aliyelichonga gitaa langu kwa mbao ya mninga na kulifunga nyaya zake kwa mkono wake. Sikumsalimia hata vizuri.

"Mjomba, nitobolee ya tatu."

"Marahaba," akasema, ingawa sikuwa nimetoa shikamoo. Nikaona aibu, nikaitoa.

Mjomba alikuwa na desturi moja ambayo wateja wengine waliiona usumbufu. Hakukipasha moto chuma chake cha kulehemu kabla mwenye gitaa hajakaa mbele yake, akafunga macho, akapiga wimbo uleule katika kila nafasi ya swichi. Swichi aliishika yeye mwenyewe. Nilipolalamika kuwa sina muda, akasema, "Shimo nalo halina muda, mwanangu. Likishatobolewa halirudi. Maji yakimwagika hayazoleki. Funga macho."

Nikapiga. Akaanzia kwenye daraja. Nikaitambua sauti yangu ya kila siku. Akahamia kwenye shingo. Nayo niliijua, ingawa niliiona ya kizee. Kisha akasogeza swichi katikati, na vidole vyangu vikasita. Sauti ilikuwa na mwanga juu na joto chini, kama asubuhi ya jua baada ya mvua.

"Hiyo ni ipi?"

"Ni zote mbili kwa pamoja."

"Umeiweka lini?"

"Ipo tangu nilipolifunga. Wewe ndiye hukuwepo."

Nikafumbua macho. Akanieleza polepole, akichora nyaya kwa kidole kwenye vumbi la mbao. Swichi ya Lugano, akasema, inaunganisha majirani tu: daraja na ya kati, au ya kati na shingo. Hapo ndipo inapotoka ile sauti ya glasi iliyonisimamisha kwenye ukungu. Lakini daraja na shingo, wale wawili wa mbali, katika gitaa lake hawakutani, kila mara jirani yuko kati yao. Swichi ndogo ya ziada ingeweza kuwakutanisha, ila gitaa lile halikuwa nayo. Kwangu walikuwa wakionana siku zote, na mimi sikuwahi kuwapa nafasi.

"Gwe Sekela, wewe," akasema, "umekuja kutafuta sauti ya Lugano. Lugano ameshaipata. Kwaya ina haja gani na akina Lugano wawili?"

Ndilo karipio pekee nililopata siku ile, na lilinitosha mpaka nimezeeka.

Ndipo akapasha chuma. Hakugusa mbao. Alikitoa kitufe kinachozungushwa kuongeza na kupunguza sauti, akaweka kingine kinachoweza pia kuvutwa juu. Kikiwa chini, pikapu zangu mbili zilikwenda sambamba, kila moja na njia yake, na sauti ikawa na hewa. Nikikivuta, ya kwanza ilipita ndani ya ya pili, kama mto unaoingia katika mto, na sauti ikanenepa.

"Ndaga, mjomba," nikamshukuru kwa lugha ya nyumbani.

Jumamosi Lugano alipopiga sauti yake ya glasi, mimi niliweka swichi katikati, nikapiga chini ya sauti yake, sikumkanyaga. Pambio lilipofika nikavuta kitufe. Waimbaji wakageuka. Lugano akasogea, akalikagua gitaa langu mbele na nyuma.

"Umetoboa wapi?"

"Sijatoboa."

"Usinifiche bwana, umetoboa." Akawa anapapasa mbao kama anayetafuta funza.

Mwalimu wa kwaya hakutusifu. Hakuwa mtu wa sifa. Alisema tu, "Nyie wapiga magitaa, mje na mablanketi. Tutalala Mafinga, na baridi ya kule haina adabu." Nikainamisha kichwa, nikajifanya nakaza uzi, ili wasinione machozi.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Bila gitaa jekundu la Lugano, nisingelijua la kwangu.

Sisemi kwamba mbili zinazishinda tatu, mwanangu. Nimefunga za tatu nyingi kwenye meza hii. Anayepiga peke yake, anayehitaji rangi nyingi kwa wimbo mmoja, tatu zitamfaa sana. Lakini kabla hujaongeza, uliza unapiga na nani, na wenzako wanakosa nini. Usiache mbachao kwa msala upitao. Usikate kitu ambacho hujakisikiliza mpaka mwisho. Na ukishasikiliza, ukaona bado unaihitaji ya tatu, njoo, nitatoboa kwa mkono safi na moyo mweupe.

Mungu akupe masikio kwanza, vidole baadaye. Akupe watu wa kupiga nao wanaokuachia nafasi, nawe uwaachie yao. Mahali pako pasichukuliwe na mtu, nawe usichukue pa mtu. Akutunze njiani mpaka Iringa.

Umelirudisha gitaa kwenye mfuko wake bila kuniambia umeamua nini, na hivyo ndivyo inavyopasa. Umeniaga kwa heshima, umelipitisha gitaa kwanza, nawe ukafuata, na mlango umejifunga taratibu nyuma yako.