Picha za Mama Anazo Mume Aliyeniacha

Admin, kama umenizidi umri shikamoo, kama mimi ndiye mkubwa basi marahaba mwanangu. Jina langu usiliweke, hapa Kibaoni tunajuana wote.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa. Mume wangu wa sasa ni mkulima wa mpunga, Msukuma, mtu mpole asiye na makelele. Tumeishi vizuri miaka yote hii. Lakini hivi ninavyoandika hatusemeshani, na chanzo ni picha za marehemu mama yangu.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nimeolewa na mpiga picha. Alikuwa na studio ya mbao hapa Ifakara. Mama yangu alikuwa akiishi kijijini Michenga, anasuka mikeka ya majani ya milala na kikundi cha wenzake. Siku moja akaja mama mmoja wa Kizungu, akawaambia kwao watu wameanza kuuza vitu kwa kompyuta, mtu anaangalia picha tu halafu anaagiza. Wakati ule tuliona kama hadithi. Akataka kila mkeka upigwe picha ya rangi, picha zote zikatwe saizi moja, na uonekane mkeka peke yake. Alisema picha ikiwa kubwa au ina vitu vingi, kompyuta inachelewa kuifungua. Kazi akapewa mume wangu.

Tulipofika Michenga tulimkuta mama amesuka nywele, amevaa khanga mpya aliyokuwa akiitunza kwa ajili ya harusi. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba yeye hatakiwi kwenye picha. Ukuta wa nyumba ulikuwa umebomoka kwa mvua, hapakuwa na pa kutundika, basi mama akajitolea kuishika mikeka ya kikundi kizima, mmoja mmoja, uso wake ukichungulia kwa juu. Anacheka, mwanya wote nje. "Mkwe, usinikate kichwa!" Watu wakacheka.

Filamu zikapelekwa Morogoro kusafishwa. Picha ziliporudi mume wangu akakaa mezani na rula na wembe, akazikata zote ziwe sawasawa. Nyuso za mama zikawa zinadondoka chini kama maganda. Nikamwambia, "Baba Vero, huyo ni mama!" Akanijibu, "Mzungu anataka mkeka. Mama nitamsafishia yake kubwa, filamu si ninazo?" Nikaamini.

Kila mama alipokuja mjini alipitia studio. "Mkwe, picha yangu?" "Wiki ijayo, mama." Mvua zilizofuata mama akaugua, hakuchukua muda, akafariki. Msibani hatukuwa na picha hata moja ya kuweka. Mwaka haukuisha, mume wangu akahamia Malinyi na mwanamke mwingine, akabeba kamera na makopo yake yote ya filamu. Mimi nikabaki na binti yetu, Vero, ambaye ana jina la mama yangu. Picha pekee niliyonayo ni moja iliyoharibika ikabaki, mkeka wa zambarau na nyekundu, na vidole gumba viwili pembeni. Ndivyo hivyo, mama yangu kwangu ni vidole gumba. Nimeanza kuisahau sura yake, jamani, na hilo silisemi kwa mtu.

Sasa, mwezi uliopita simu ikaita. Sauti nzito, maneno yanaburuzika. "Mama Vero, ni mimi. Nimepooza upande mmoja. Yule mwanamke ameondoka." Akasema, "Filamu za Michenga ninazo zote, zimo kwenye kopo la maziwa. Njoo unitunze hata mpaka mavuno, kisha uchukue kopo lako."

Nikamwambia, "Si umpe mtu wa basi aniletee?"

"Nikishalituma, nani atakuja?"

Nililia. Nikamweleza mume wangu kila kitu, sikumficha. Yeye kwa wema wake akapiga simu, akaahidi kumpelekea ng'ombe ili atoe hilo kopo. Yule bwana akamjibu, "Ng'ombe atanigeuza kitandani?" Tangu hapo mume wangu amebadilika. Ameniambia maneno machache tu: "Mke wangu, ukienda kumwogesha yule, usirudi hapa." Nami simlaumu, ni mwanamume gani angekubali?

Nikamwendea Vero, maana yule ni baba yake mzazi. Akaniambia, "Mama, huyo baba alinijua lini? Mimi namtaka bibi, yeye simtaki." Ana mtoto mchanga, siwezi kumlazimisha.

Nikamuuliza kijana mmoja mwenye studio hapa mjini. Akasema filamu zilizokaa kwenye kopo miaka yote hiyo, kwa unyevunyevu wa huku kwetu, huenda zimegandana, zikawa hazina kitu. Nikampigia yule bwana afungue aangalie. Akasema mkono mmoja haufungui kopo. Nikamwomba jirani yake amsaidie, mgonjwa mwenyewe akakataa, akasema lisiguswe na mtu mpaka nifike.

Juzi jirani huyo huyo amenipigia mwenyewe. "Shikamoo mama. Mgonjwa ameanza vidonda mgongoni. Na mvua zimeanza, barabara hii haitapitika muda mrefu." Kwa hiyo kama ni kwenda ni wiki hii.

Nimefungasha nguo nikazitoa, nikafungasha tena nikazitoa. Mume wangu aliniona, akatoka nje. Nikimwaza mgonjwa aliyelala bila wa kumgeuza nakosa raha, pamoja na yote aliyonitenda. Nikiwaza mwanya wa mama nakosa usingizi. Nikiiwaza nyumba hii, na huyu mwanamume ambaye hajawahi kuninyanyasa, miguu inakataa.

Nishaurini ndugu zangu, msinitukane. Niende Malinyi kwa kopo ambalo sijui kama lina kitu, au nimwache afe na sura ya mama yangu?