Waya wa Pili wa Bi Zuhura

Siku ile mama yangu alipopasuliwa nyonga ningali naikumbuka, mwanangu. Nilikuwa kijana wa Barani, fundi wa kompyuta katika hospitali moja hapa Malindi, na mkubwa wangu alikuwa Bi Zuhura, mhandisi wa Mambrui, mwanamke wa maneno machache.

Zamani picha za eksirei zilikaa ndani ya kompyuta ya chumba kile kile. Ikizima, na picha hazipatikani. Bi Zuhura akaleta kabati la diski, kumbukumbu zote za hospitali zikahamia humo. Akaliunganisha na seva zetu kwa nyaya zake pekee za faiba, nyuzi za kioo zinazopitisha data kwa mwanga, mbali na zile tulizotumia kwa barua pepe na intaneti. Tena kila seva akaipa nyaya mbili, kila waya na swichi yake, kisanduku cha kuunganishia nyaya, umepita upande wake wa jengo.

"Kwa nini mbili, Bi Zuhura?" nilimuuliza.

"Kwa sababu waya hukatika, na mgonjwa hangoji."

Basi asubuhi ile mama yumo chumba cha upasuaji, daktari anatazama picha ya nyonga kwenye skrini, fundi wa dari akapitisha msumeno ukumbini, pale pale zilipopita nyaya zetu. Taa ya kabati ikageuka nyekundu. Nikamgeukia Bi Zuhura.

"Waya umekatika! Na mama yumo ndani!"

"Tulia. Nenda kawaulize kama picha imepotea."

Nilikwenda mbio. Muuguzi akafungua mlango kidogo, akanishangaa. "Ipotee vipi? Daktari anaiona."

Nilirudi nacheka na machozi yananitoka. Waya wa pili ulikuwa umeshika kazi bila mtu kujua. Nikadhani yamekwisha, kumbe Bi Zuhura yuko juu ya ngazi.

"Sasa tumebaki na mmoja," akasema. "Nishikie hapa."

Hakushuka mpaka alipopitisha waya mpya.

Mama alitembea tena, alhamdulillahi, akaniozesha, akawapakata wanangu.

Wewe unayeingia kazi hii, mwanangu, kumbukumbu za watu ni amana. Zipe njia yake, na njia ya pili. Nakala iweke jengo jingine, maana hata kabati huungua. Kilichokatika kiunge siku hiyo hiyo, hata kama hakuna aliyelalamika. Na anayekufunza haya mshukuru angali hai, kama nilivyojaaliwa kumshukuru Bi Zuhura. Mola akupe mikono mitulivu, akuhifadhie wazazi wako, na kila mgonjwa aliye katika amana yako aamke salama.