Mama Exaucée Aliponyamaza Mbele ya Torati

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Ijumaa, baridi ya Juni inang'ata masikio. Pale barabara ya Kasenga inapoingia Lubumbashi, baiskeli sita zilizobeba magunia ya mkaa zimeshapanga foleni. Wivine Chileshe, fundi baiskeli mwenye miaka hamsini na sita, amechuchumaa akinyoosha spoku. Midomo yake haitulii. Ananong'ona Kiebrania.

"Mama Exaucée, uko unaombea kinga yangu?" anamtania mchuuzi mmoja, akimwita kwa jina la bintiye. Kinga ndiyo baiskeli, kwa lugha ya hapa.

"Kinga yako ilishakufa zamani," anamjibu bila kuinua kichwa. "Mi niko nafanya lesson yangu. Ngoja."

Foleni nzima inacheka. Ukutani, ndani ya mfuko wa plastiki ili grisi isiifikie, inaning'inia karatasi yenye mistari mitatu.

Kesho, siku ya Sabato, Wivine atasimama mbele ya usharika wake mdogo wa Kiyahudi huko Katuba, watu thelathini na wawili ukihesabu na watoto, asome mistari hiyo kutoka gombo la Torati. Ni jaribio la pili. La kwanza, Sabato iliyopita, nusura lilifunge darasa la watu wazima. Au tuseme, lililiokoa.

Alizaliwa Kasenga, kwa wauza samaki Wakatoliki. Shule aliiacha darasa la tatu baba yake alipofariki. Marehemu mumewe, Dédé, ndiye aliyemfundisha ufundi, na ndiye aliyemleta katika dini ya Kiyahudi. Kwa miaka kumi na moja alikaa kwenye ibada ameshika kitabu cha sala asichoweza kukisoma.

"Nilikuwa nageuza page wakati jirani anageuza," anasema, akijicheka mwenyewe. "Akisinzia, na mi nabaki palepale."

Waliofundishwa walikuwa watoto. Mtoto akimaliza herufi, huandikiwa moja kwa asali kwenye kisahani, akairamba mbele ya watu wote, ili elimu iwe tamu kwake. Mtu mzima hakuwa na asali yake. Miaka miwili iliyopita Hénoc Mutale, mwalimu mstaafu anayeongoza sala, aliiambia kamati kwamba jambo hilo linamuuma. Akaanzisha darasa la Jumapili kwa watu wazima, wake kwa waume. Atakayemaliza herufi apewe asali. Atakayesoma Torati atangazwe kwa jina.

Waliingia wanane. Watano wakatoka, na sababu ilikuwa ileile, aibu. Mmoja aliaga akisema hawezi kukosolewa kwa sauti mbele ya wajukuu wake.

Kamati ikachoka kungoja. Mwenyekiti wake, Léonie Kangwa, mshonaji asiyejua kuzunguka maneno, akatoa sharti: hadi mwisho wa Mei mtu mzima mmoja awe amesoma kutoka kwenye gombo, la sivyo chumba cha Jumapili kirudi kwa watoto.

"Nilisema bantu bakubwa banashika kwa kichwa tu, sawa redio," anakiri Mama Léonie, akimaanisha watu wazima. "Ile haiko kusoma."

Na kusoma gombo si mchezo. Halina alama za irabu, kwa hiyo msomaji hujifunza kwanza kitabuni. Akikosea, waliokaa humkosoa palepale, naye hurudia. Wivine alijiandaa miezi minne, kati ya pancha moja na nyingine. Siku nzuri humpa faranga elfu kumi na tano, na nyingi za siku hizo ni Jumapili, lakini Jumapili alifunga saa nane ili awahi darasa.

Sabato iliyopita akaitwa. Akasoma sentensi ya kwanza, inayosema Mungu alizungumza na Musa. Sawasawa kabisa. Kisha akanyamaza.

Mwalimu Hénoc, jasho likimtoka, akamnong'oneza neno linalofuata. Wivine akatikisa kichwa, kijiti cha kuonyeshea maandishi hakijasogea.

"Mwalimu, unisamehe," alisema. "Ile neno haiko hapa. Hapa kunaandikwa ingine."

Hénoc akainama kutazama. "Ee Mungu wangu!" Gombo lilikuwa limefunguliwa kwenye somo jingine kabisa, lile la wiki hiyo.

Nje ya Israeli, sikukuu ya Shavuoti huchukua siku mbili badala ya moja. Mwaka huu siku ya pili iliangukia Sabato, na masomo ya kila wiki yakachelewa kwa wiki moja. Simu ambayo mwalimu aliitumia kupanga tangu Februari ilifuata kalenda ya Yerusalemu. Wivine akafundishwa somo la wiki ya mbele, na kwa bahati mbaya masomo hayo mawili huanza kwa sentensi ileile.

"Miaka thelathini na saba kwenye ubao, halafu nakosa kalenda!" anasema Hénoc, na mpaka leo uso unamshuka. "Aibu yangu ilikuwa kubwa kuliko yake."

Mama Léonie akainuka. Wengi walidhani kwamba darasa ndiyo basi tena.

"Redio haijui kama banaibadilishia page," alisema. "Huyu mama anasoma."

Chumba kikalipuka kwa vigelegele. Kisha, kwa kuwa siku ya Sabato hakuandikwi kitu, Mama Léonie akamuomba mwalimu amwandike na yeye darasani jioni, Sabato ikishatoka.

Kwa hiyo darasa lipo. Wivine, hata hivyo, hajatosheka. Wiki hii nzima, kila akifunga kazi, amepita nyumbani kwa wale watano walioacha, mlango kwa mlango, akiwaomba waje kesho wamsikilize, maana sasa zamu ya somo lake imefika. Wawili wamekubali. Watatu wamesema wataona.

Haogopi kukosea mbele yao? Anafuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja, kabla ya kujibu.

"Juu ya nini niogope? Nitakosea. Batapiga kelele, nitarudia," anasema. "Njo maana nataka bale baone. Baone mama muzima anakosolewa mbele ya bantu, anarudia, anaendelea, na hakufa. Bakishaona ile, Jumapili batakuja."