Kizimba na Futi ya Fundi

Mama mkwe wangu hakunipenda tangu siku ya kwanza, nami sikuchelewa kumlipa. Yeye ni wa Ngara tangu enzi za mababu, Mkatoliki wa rozari kila jioni. Mimi nimezaliwa Biharamulo, kwa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, na baba yangu hakuingia kanisani mpaka alipozeeka. Yeye ana Kihangaza chake, mimi nina Kisukuma changu, kwa hiyo tuligombana kwa Kiswahili, lugha ya sokoni na ofisini. Kwa Kiswahili hakuna kati yetu aliyepata tusi la kumkolea mwenzake sawasawa, labda ndiyo maana hatujawahi kushikana mashati.

Ugomvi mkubwa kuliko yote ulitokana na kizimba cha mtoto.

Nina mgahawa mdogo hapa Kirushya, mbele ya nyumba yetu: chai, chapati, maharage. Binti yangu alikuwa anakaribia miaka mitatu na hakutaka kukaa chini. Nikikanda unga, naye anataka kukanda. Nikimkataza, analia mpaka wateja wanageuka. Basi anavuta kreti la soda, anapanda, ananing'inia kwenye ukingo wa meza kwa vidole. Mara mbili kreti lilimtupa. Mara ya pili alivunjika jino la mbele, damu ikaingia kwenye unga, na mama mkwe akasema mbele ya wateja kwamba kuna watu wanaojua kuchunga ng'ombe kuliko watoto. Nilijua neno ng'ombe limelengwa wapi.

Kwenye chekechea moja kule Kasulo nilikuwa nimeona kitu nilichokitaka. Ni kizimba, ngazi fupi ya mbao, juu ina jukwaa la kusimama, na pande zote zimezungushiwa kingo zinazomfika mtoto kifuani. Anapanda kwa nyuma, anafungiwa kwa kijiti, anafanya kazi mezani kama mtu mzima na hawezi kuanguka. Nikasema hiki ndicho.

Fundi wetu ni mmoja. Anatengeneza vitanda, madawati na majeneza, vyote katika banda moja, na akiitwa msibani huenda kumpima marehemu kwa futi yake ileile ya chuma. Kwa sababu hiyo hapa kwetu hakuna anayekubali kupimwa na fundi angali hai. Ukitaka kitanda unataja ukubwa wa godoro, basi. Fundi cherehani anaruhusiwa, eti futi yake ni laini. Mimi niliyaona mambo haya kuwa ya kipuuzi na nikasema hivyo kwa sauti. Mama mkwe akajibu kwamba futi ile haitamgusa mjukuu wake maadamu yeye anapumua. Mume wangu, kama kawaida yake, akakumbuka kwamba ana kazi shambani.

Nikaona nisibishane. Nilichukua kamba ya katani, nikamsimamisha mtoto ukutani, nikapima kutoka nyayo hadi kifuani, nikakata na kufunga fundo mwishoni. Kamba nikaiweka kwenye kikombe juu ya kabati, na keshokutwa yake nikaipeleka bandani. Meza fundi alikuja kuipima mwenyewe, kwa kuwa meza haifi.

Kizimba kililetwa siku ya gulio. Kilikuwa kimepigwa randa vizuri, mbao za paini bado zinanukia. Nikampandisha mtoto. Kingo zilimfika mapajani.

Hapa sitajificha. Niliona. Niliona kabisa kwamba ni fupi, nikasema moyoni kwamba fundi kabania mbao na kesho nitamkoromea. Lakini wateja walikuwa wamejaa, mtoto alikuwa anacheka, mzee mmoja akasema leo tumepata padre, na mimbari yake hii hapa. Nikamwacha juu. Ile kesho haikufika.

Siku ya tatu donge la unga lilibingirika kuelekea pembeni, akaliinamia. Kingo fupi namna ile hazimzuii mtu, zinampiga paja na kumpindua. Alitangulia kichwa, akaweka mkono. Nilikuwa nachochea mkaa na niliusikia ule mfupa. Mpaka leo nikivunja vijiti vya kuwashia moto hunibidi nikae kwanza.

Hospitali walimfunga plasta hadi juu ya kiwiko. Nilipotoka huko sikwenda nyumbani. Nilikwenda bandani na mtoto mgongoni. Nilimwita fundi mwizi, muuaji, kila nilichokuwa nacho mdomoni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka randa chini, akatungua kamba yangu kutoka kwenye msumari, akainyoosha sambamba na futi yake na kunionyesha namba. Ndio urefu aliozipa kingo, hakupunguza wala kuongeza.

Nikaitazama ile kamba. Fundo halikuwa langu. Mimi hufunga kama baba alivyofunga ndama, ncha inapita mara mbili na ukilivuta linakaza. Lile lilikuwa fundo la kufungia magunia ya maharage, na nyumbani kwetu anayefunga magunia ya maharage ni mtu mmoja tu.

Nilimkuta uani anapepeta. Sikumwamkia. Niliitupa kamba kwenye ungo wake. Hakukana. Alisema aliipunguza kwa shubiri nzima, kwa kuwa kipimo cha kweli cha mtoto hakiwezi kulala kwenye banda la majeneza, na alidhani kizimba ni kizimba tu, kikiwa kifupi kidogo kuna ubaya gani. Halafu akasema jambo ambalo mume wangu hakuwahi kuniambia kwa miaka yote ya ndoa yetu. Kitinda mimba wake alipimiwa kitanda na baba wa fundi huyu, mtoto mzima, anacheka. Homa ikamkuta kabla kitanda hakijaisha.

"Mbao zilikuwa zimeshakatwa," alisema. "Hawakuhitaji kupima tena."

Ningepaswa kunyamaza hapo. Mtu mwenye utu angenyamaza.

"Wako aliuawa na homa," nikamwambia. "Wangu umemvunja wewe, kwa mkono wako."

Akarudi kwenye ungo wake. Wiki mbili hatukusemeshana. Alipika chake, nikapika changu, na mume wangu akala kotekote akanenepa.

Kisha nikamwita fundi aje na futi kupima kingo mpya, mchana kweupe, mgahawa umejaa. Kamba mpya ingetosha kabisa. Nilitaka kumkomoa yule mama, sina sababu nyingine ya kuitaja. Fundi alipoingia alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa sauti ya chini. Nikamsimamisha mtoto ukutani na plasta yake. Fundi akaivuta futi.

Mama mkwe akanyanyuka. Nilijiandaa kwa vita. Lakini alikuja akamsogeza mtoto pembeni taratibu, akavua kandambili, akafungua kitambaa cha kichwani, akasimama ukutani pale pale, visigino vimegusa tofali. Sikuwa nimewahi kuona nywele zake. Zilikuwa chache, nyeupe kabisa.

"Anza na mimi," alimwambia fundi.

Fundi akanitazama.

"Pima, mwanangu. Kama hiyo futi inataka mtu, imeshampata."

Akampima, kutoka nyayo hadi utosini, na kwa kukosa karatasi akaandika namba kwa penseli kwenye ubao aliokuja nao wa kukazia jukwaa. Kisha akampima mtoto, akaandika chini yake. Hakuna aliyegusa chai yake. Nilikuwa nimeshinda, na nilitamani sana niwe mahali pengine.

Kingo mpya zilimfika mtoto kifuani. Hakuanguka tena. Mkono ulipona, umepinda kidogo kwenye kiwiko, na sasa mtoto amekua, meza anaifikia bila kupanda popote. Mama mkwe yupo, mzima wa afya, na bado huwaambia wateja kwamba chapati zangu ni ngumu. Sijamwomba msamaha. Naye hajaniomba.

Juzi mwanamke mmoja wa Mabawe alikuja kutaka kukinunua kile kizimba kwa ajili ya mwanawe. Nikakitoa stoo, nikakipindua ili nikifute vumbi. Chini ya jukwaa, kwenye ubao ule ule, penseli haijafutika: namba ya mtoto, na juu yake namba ya bibi yake. Nikamwambia yule mwanamke hakiuzwi, nikampa jina la fundi.