Jina la Mkwe kwenye Akaunti

Mdogo wangu wa kiume, anayefanya kazi Ulaya, alijitolea kulipia upasuaji wa koo la baba mkwe wangu. Uvimbe ulikuwa umeshammaliza mzee sauti, sasa ulianza kumziba pumzi. Hospitali ilikwishasema: fedha zisipoingia wiki hii, nafasi yake anapewa mwingine.

Nilimtumia taarifa za akaunti ya mzee, ile anayolipiwa kahawa na chama cha ushirika hapa Heru Juu. Akataka IBAN, namba ya akaunti wanayotumia huko Ulaya. Nikamwambia Tanzania hatuna hiyo, tuna namba ya akaunti na msimbo wa SWIFT wa benki. Namba nilizihakiki mpaka macho yakauma. Kwenye jina nikaandika "Baba" na jina la marehemu mume wangu, maana ndivyo nilivyomwita tangu niolewe. Kwa wazee wa huku, mkamwana hatamki jina la mkwewe. Hata kuliandika, mkono uligoma.

Fedha zikarudishwa. Mdogo wangu akapiga simu akiwa benki.

"Dada, jina halifanani na la akaunti! Nitajie majina kamili, niko dirishani, wanafunga."

"Subiri nikutumie meseji."

"Salio unalo?"

Sikuwa nalo. Wanangu walikuwa shuleni, hapakuwa na wa kumsomea majina badala yangu kwenye kadi ya benki ya mzee. Ningetoka nje nikajifiche, lakini kwetu mtandao unakamata barazani tu, na barazani ndipo alipokaa mzee. Mwacha mila ni mtumwa, ndivyo nilivyofunzwa. Nilimkasirikia aliyetunga methali hiyo, nikamkasirikia mdogo wangu na benki yake, nikamkasirikia hata mzee kwa kuwa na jina.

"Dada! Upo?"

Nikaigeuza kadi ya benki upande wenye jina. Mzee alikuwa amesikia yote, maana simu yangu inapayuka. Alikuwa akivuta pumzi kwa kukoroma, na mimi niliogopa hata kumtazama. Nilipomtazama, aliinua mikono taratibu, akaziba masikio yake mwenyewe kwa viganja, akaniitikia kwa kichwa: sema.

Nikayasema majina yote matatu, herufi kwa herufi, huku nalia. Mzee hakushusha mikono mpaka nilipokata simu.